Dirisha la malipo halifunguki? Angalia programu jalizi

Umejaza fomu ya leseni ya biashara mtandaoni, umebofya kitufe cha kulipa, na hakuna kinachotokea. Kabla ya kulaumu mtandao, angalia kivinjari chako. Huenda programu jalizi ya kuzuia matangazo imedhani dirisha la malipo ni tangazo.

Wanaotumia Linux, kwa mfano Ubuntu, aghalabu huitafuta kwenye mipangilio ya kompyuta. Haipo huko, imo ndani ya kivinjari chenyewe. Katika Firefox, bonyeza Ctrl, Shift na A kwa pamoja, au andika about:addons panapoandikwa anwani ya tovuti. Upande wa kushoto chagua "Extensions", bofya jina la programu jalizi, kisha "Preferences". Maelekezo ya Windows huiita "Options", na hapo ndipo wengi hupotea. Isipokuwepo kabisa, programu hiyo haina cha kupangwa: izime kwa swichi iliyo kando ya jina lake, fungua ukurasa upya, lipa, kisha uiwashe tena. Lakini kwanza tazama simu yako kama kuna ujumbe wa malipo, usije ukalipa mara mbili.

Ukiwa hapo, fungua pia "Permissions". Programu iliyoruhusiwa kufikia data yako kwenye tovuti zote inaweza kusoma unachoandika, hata nenosiri. Usipokumbuka jinsi ilivyoingia, iondoe. Kwenye kompyuta ya saiba, muulize mhudumu kabla hujaandika nenosiri lako.