Ramani ya Damu, Ramani ya Mbu

Weka tone la damu kwenye kipande cha kioo, litie dawa ya kuondoa oksijeni, lifunike, kisha chungulia kwa hadubini. Utaona seli nyekundu za duara, zimebonyea katikati kama donge la chapati lililokandamizwa kwa kidole gumba. Subiri. Damu ya watu wengi hubaki hivyo hivyo. Ya baadhi yao huanza kupinda na kuchongoka ncha, hadi kila seli inafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo asili ya jina selimundu.

Kipimo cha namna hii ndicho kilichomjengea jina Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia shambani karibu na Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akisomea udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kupima makundi yao, na humo humo akapima selimundu. Kilichomshangaza ni hiyo selimundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na kinasaba chake. Nyanda za juu, hakufika hata mtu 1 katika 100.

Hapo pana fumbo. Mtoto aliyerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, yaani SS, enzi hizo kwa kawaida hakufikia utu uzima. Kila aliyezikwa alikwenda na vinasaba viwili. Kwa hesabu hiyo kinasaba kingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Mbona pwani kimejaa?

Allison akaitazama ramani upya: kilipojaa kinasaba, ndipo palipojaa malaria. Akahisi kwamba aliyerithi kimoja tu, yaani AS, ana kinga. Mwaka 1953 alirudi kupima wazo lake. Kati ya watoto 290 wa Kiganda, wenye AS walikutwa na vimelea vya malaria asilimia 28, wasio nacho asilimia 46. Nairobi, watu wazima 30 waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa; leo jaribio la aina hiyo lingehojiwa vikali na kamati za maadili. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 waliota vimelea. Kati ya 15 wenye AS, ni 2 tu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954.

Njia mojawapo ya kinga hiyo ni hii: kimelea huingia ndani ya seli nyekundu, humo kikala na kukua. Seli ya AS iliyovamiwa hupinda upesi, na wengu huiondoa pamoja na mgeni wake. Kinga hii si kamili, kwa hiyo chandarua hakiachwi.

Makundi ya damu nayo yalikuja kutoa ushahidi wake. Mwaka 1976, Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na alama za kundi liitwalo Duffy kwenye seli zao nyekundu hawashikwi kwa urahisi na malaria ya aina ya vivaksi. Ndiyo maana aina hiyo ni adimu Afrika Magharibi.

AS si ugonjwa. Lakini wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuzaa mtoto SS. Na aliyezaliwa salama jana hapunguzi uwezekano wa kesho. Mtoto akipatikana na selimundu, ukoo huuliza upande gani umeleta balaa, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Maabara hujibu vingine: baba katoa nusu, mama katoa nusu. Kila mmoja alirithi nusu hiyo kwa wahenga ambao huenda iliwaokoa na homa utotoni. Mbu hakukileta kinasaba hiki, alikitunza.