Escape au Frontiers? Mvutano wa mashabiki wa Journey kuhusu albamu bora

MASHABIKI wa muziki wa roki huweza kukubaliana kuhusu mambo mengi, lakini taja bendi ya Journey mbele ya wawili waliokulia Marekani katika miaka ya themanini, na huenda wakaanza kuvutana hata kabla santuri haijawekwa kwenye gramafoni.

Kinachowagawanya ni swali moja: kati ya albamu zote za kundi hilo la San Francisco, ipi ndiyo bora?

Wengi hutaja Escape ya 1981. Wengine hushikilia kuwa ni Frontiers, iliyotoka mapema mwaka wa 1983. Lipo pia kundi la tatu, dogo lakini lenye kelele, ambalo husema kuwa Journey halisi ilisikika mwaka wa 1978 katika Infinity, na kwamba yaliyofuata yalikuwa biashara tu.

Kwa mtu wa kando, haya yaweza kuonekana mabishano ya watu wasio na shughuli. Hata hivyo, chini ya swali la albamu limejificha swali zito zaidi: Journey ni nani hasa? Je, ni gitaa la Neal Schon, mwasisi wake? Ni sauti ya Steve Perry iliyoipa umaarufu? Au ni kinanda na kalamu ya Jonathan Cain? Kila shabiki anapotaja albamu aipendayo, huwa tayari amejibu. Nao wanamuziki wenyewe wamewahi kufikishana mahakamani kwa sababu ya suala hilo hilo.

Bendi hiyo iliundwa mwaka wa 1973 na meneja Herbie Herbert. Miongoni mwa aliowakusanya walikuwa Schon na mpiga kinanda Gregg Rolie, wote wawili wakiwa wametoka katika kundi la Santana. Schon hakuwa ametimiza hata miaka 20.

Albamu tatu za mwanzo, zilizotolewa kati ya 1975 na 1977, zilijaa midundo tata na vipande virefu vya ala. Wapenzi wa ufundi walizisifu lakini wanunuzi hawakujitokeza. Kampuni ya Columbia, iliyokuwa ikitoa kazi zao, ikawataka wabadilishe mtindo na watafute mwimbaji wa kusimama mbele.

Ndipo Perry alipoingia, Oktoba 1977. Alikuwa kijana wa asili ya Kireno kutoka Hanford, mji ulio katika eneo la wakulima jimboni California, na bendi yake ilikuwa imesambaratika baada ya mpiga gitaa la besi kufariki katika ajali ya barabarani. Alikuwa na sauti ya juu, nyororo, na iliyobeba huzuni aliyojifunza kwa kumsikiliza gwiji wa muziki wa soul, Sam Cooke.

Sauti hiyo ndiyo iliyoigeuza Journey kuwa bendi ya roki yenye mahadhi. Katika aina hii ya muziki, gitaa la umeme hunguruma kama kawaida ya roki, ila wimbo hubebwa na sauti ya mwimbaji na kiitikio ambacho msikilizaji hukishika mara moja. Vituo vya redio vya masafa ya FM nchini Marekani viliupenda mno.

Infinity ilitayarishwa na Mwingereza Roy Thomas Baker, yule yule aliyesimamia Bohemian Rhapsody, wimbo wa kundi la Queen ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Baker alikuwa na mazoea ya kurekodi sauti juu ya sauti hadi waimbaji wachache wakasikika kama kwaya nzima. Alilifanyia Journey vivyo hivyo.

Wanaoitetea Infinity wana hoja isiyo haba. Rolie alikuwa bado akiimba, na katika Feeling That Way yeye na Perry wanapokezana kama ndugu wawili wanaosimulia kisa kimoja. Gitaa halikuwa limesukumwa nyuma. Kuna pia Lights, wimbo ambao Perry aliuanza akiwa na Los Angeles akilini, kisha akaubadilisha ukawa wa San Francisco, nao ukafanywa kama wimbo wa jiji hilo.

Dosari ya hoja yao ni kwamba Infinity husikika kama bendi mbili zilizokutana njiani. Nusu yake bado inatazama ilikotoka.

Rolie alichoshwa na safari za maonyesho, akaondoka mwaka wa 1980. Kabla ya kwenda alimpendekeza Cain, mpiga kinanda wa The Babys, kundi lililokuwa likitumbuiza kabla ya Journey kupanda jukwaani. Pendekezo hilo lilibadilisha mambo kuliko yeyote alivyotarajia.

Cain alifika na daftari. Ndani yake, kama alivyosimulia mara nyingi, mlikuwa na maneno aliyoambiwa na babake kwa simu wakati alipokuwa akihangaika Los Angeles na kufikiria kurudi nyumbani: asiache kuamini. Yakawa kichwa cha wimbo unaofungua Escape, Don't Stop Believin'.

Ufundi wa wimbo huo unastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi huusikia bila kuugundua. Nyimbo nyingi za redio hukimbilia kiitikio ndani ya dakika ya kwanza. Huu haufanyi hivyo. Unaanza na kinanda peke yake, gitaa linajipenyeza polepole, wahusika wanatajwa mmoja baada ya mwingine, na kiitikio chenye kichwa cha wimbo kinacheleweshwa hadi karibu na mwisho. Msikilizaji hungojeshwa zaidi ya dakika tatu; anapokipata, wimbo unaanza kufifia naye bado anakitaka.

Kuna pia Open Arms, ambao Cain alikuwa ameuanza akiwa The Babys lakini wenzake huko wakaukataa kwa kuona umezidi ulaini. Hata Schon hakuupenda mwanzoni. Hata hivyo, Perry aliung'ang'ania, na mwaka wa 1982 ukakaa nafasi ya pili nchini Marekani kwa wiki sita.

Septemba 1981, Escape ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu ya jarida la Billboard. Hadi walipotoa Freedom mwaka wa 2022, hakuna albamu yao nyingine iliyokuwa imefika hapo. Mwaka wa 2021 ilitambuliwa kwa mauzo ya nakala milioni 10 nchini Marekani pekee.

Si wote walioridhika. Wahakiki wengi wa wakati huo waliona Journey kama kiwanda cha kutengeneza nyimbo za kuwaliza wasichana, na baadhi ya mashabiki wa zamani walinung'unika kwamba kinanda cha Cain kilikuwa kimelifunika gitaa. Manung'uniko hayo hayajaisha hadi leo.

Kisha ikaja Frontiers, na hapa ndipo moto wa mjadala huwaka.

Santuri ya siku hizo ilikuwa na pande mbili, kila upande takriban dakika ishirini, na msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza. Upande wa kwanza wa Frontiers una nyimbo tano: Separate Ways, Send Her My Love, Chain Reaction, After the Fall na Faithfully. Nne kati ya hizo ziliingia katika 40 bora nchini Marekani. Ni vigumu kuupata upande wowote wa santuri ya Journey unaoweza kushindana nao, na hata mtetezi sugu wa Escape hukubali hilo, ingawa kwa shingo upande.

Faithfully, ambao Cain aliuandika akiwa safarini, unahusu mwanamuziki aliye mbali na mkewe. Cain amesimulia kwamba Prince alimpigia simu alipomaliza Purple Rain, akihofia kuwa nyimbo hizo mbili zilikaribiana. Cain hakuona tatizo, na jambo hilo likaishia hapo.

Shida ni ukiigeuza santuri. Upande wa pili ni mkavu, wenye gitaa kali na mahadhi machache. Back Talk ni kelele zaidi kuliko wimbo. Kinachowauma mashabiki ni kujua kwamba haikupasa kuwa hivyo: muda mfupi kabla ya albamu kutolewa, nyimbo mbili zilizokuwa zimekwisha kurekodiwa, Only the Young na Ask the Lonely, ziliondolewa, na Back Talk na Troubled Child zikachukua nafasi zao.

Nyimbo zilizotupwa hazikuoza. Zote mbili ziliishia katika filamu, Ask the Lonely katika Two of a Kind ya 1983 na Only the Young katika Vision Quest ya 1985, na zikapendwa kuliko zile zilizozibandua.

Hata albamu ilivyokuwa, ilifika nafasi ya pili. Iliyokalia nafasi ya kwanza wakati huo ilikuwa Thriller ya Michael Jackson, na hakuna bendi inayopaswa kuona haya kwa kushindwa na hiyo.

Baada ya hapo umoja ulianza kuvunjika. Katika Raised on Radio ya 1986 Perry ndiye aliyeshika usukani wa utayarishaji, huku mpiga ngoma Steve Smith na mpiga besi Ross Valory wakiondolewa. Ina nyimbo tamu na watetezi wake, lakini wengi huiona kama albamu ya Perry iliyobandikwa jina la Journey.

Walirudiana mwaka wa 1996 na kutoa Trial by Fire. Perry akapata tatizo la nyonga lililohitaji upasuaji, akakataa kuharakishwa, na wenzake hatimaye wakatafuta mwimbaji mwingine. Tangu mwisho wa 2007 nafasi hiyo ikashikwa na Arnel Pineda, Mfilipino ambaye Schon alimgundua kupitia video za intaneti.

Mwaka huo huo wa 2007, Don't Stop Believin' ilitumiwa kufunga kipindi cha mwisho cha tamthilia ya The Sopranos. Kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa 1981 kikaanza kuuimba. Kwa kizazi hicho, Escape ndiyo Journey, basi.

Jina la bendi likawa mali ya kupiganiwa. Mwaka wa 2020 Schon na Cain waliwafuta Smith na Valory, waliokuwa wamerejea, wakiwashtaki kwamba walipanga kulinyakua jina hilo. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano mwaka wa 2021. Kufikia 2022 Schon na Cain walikuwa wakishtakiana wao kwa wao kuhusu fedha, na mwaka huo huo Perry akapinga hatua yao ya kusajili majina ya nyimbo kama alama za biashara, kabla ya kuondoa pingamizi lake Januari 2023.

Kwa hivyo shabiki anayesema Escape humpa ushindi Cain na uandishi wa nyimbo. Wa Infinity huikumbuka bendi kabla ya Cain. Wa Frontiers, mara nyingi, huwa anataka vyote: gitaa la Schon likiwa limerudi mbele na sauti ya Perry ikiwa katika kilele chake.

Albamu ikipimwa yote, mwanzo hadi mwisho, Escape hushinda. Keep On Runnin' ni wimbo wa kujaza nafasi, lakini upande wake wa pili unafunga kwa Mother, Father na Open Arms, wakati Frontiers inafika mwisho ikihema.

Watetezi wa Frontiers nao hujibu kwamba hiyo iliyouzwa 1983 siyo albamu iliyorekodiwa. Toleo jipya la mwaka wa 2006 lilizirejesha Only the Young na Ask the Lonely, ila zikawekwa mwishoni kabisa kama nyongeza, badala ya mahali zilipong'olewa. Wapo mashabiki ambao wamezipanga upya nyimbo hizo wenyewe, wakaifuta Back Talk, na hiyo ndiyo Frontiers wanayoisikiliza nyumbani.