UKIHAMIA SHAMBA, HAMA NA AFYA YAKO

Mvua zikianza kunyesha katika bonde letu la Kilombero, njia za vijiji hujaa baiskeli zilizopakia sufuria, majembe, mikeka na kuku. Watu wanahamia shamba. Wengine huvuka mto kwa mtumbwi. Hukaa huko wiki nyingi, pengine miezi, wakipanda, wakipalilia na kuamia ndege, mpaka mpunga uvunwe.

Siku moja nilimwuliza mzee mmoja kwa nini hukaa shambani hata baada ya kuvuna, na hali ana nyumba nzuri ya bati karibu na mji wa Ifakara. Akacheka. Akaniambia, "Mganga, kule mjini jirani akikohoa nami naamka. Shambani naamshwa na ndege tu."

Mimi ni kijana, na kazi yangu ni katika zahanati ya kijiji. Siwezi kumfundisha mzee mahali pa kuishi. Lakini naweza kueleza mambo ninayoyaona kila msimu. Tujiulize pamoja: je, shamba lina afya kuliko mji?

Mzee ana haki

Mahali penye msongamano wa watu, magonjwa mengine husafiri kwa urahisi. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kidogo chenye watu wengi na dirisha lililofungwa, wote waliomo huvuta hewa hiyo. Kipindupindu huenea pale vyoo vinapofurika na maji ya kunywa yakachafuka.

Chukua mfano wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 5. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianzia mji huo, kikaenea mikoa mingine. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, mji huo ulipata mlipuko wa homa ya dengi. Mbu wa dengi huuma mchana, na huzaliana katika ndoo, makopo na matairi yenye maji, vitu ambavyo mjini havikosi.

Kwa hiyo mtu anayependa nafasi, hewa safi na mboga za kuchuma mwenyewe si mjinga. Ana sababu.

Lakini shamba nalo lina yake

Ugonjwa mmoja hauogopi hewa safi. Huo ni malaria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walihesabu mbu katika kijiji cha Namawala, hapa hapa bondeni. Waliona kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku mara moja! Tangu wakati huo hali imepungua, kwa sababu watu wengi wanatumia vyandarua. Katika mji wa Ifakara wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maambukizi yameshuka sana kuliko yalivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mji umejengeka na watu wanalala ndani ya vyandarua.

Kwa upande wa malaria, basi, mtu wa mjini Ifakara ana nafuu kuliko mtu wa shambani. Sababu zake ni hizi:

Kwanza, mbu wa malaria huzaliana katika maji ya majaruba, madimbwi na kingo za mito, ndiko tunakolima.

Pili, dungu la shambani mara nyingi halina kuta kamili. Mbu huingia atakavyo.

Tatu, jioni tunakaa nje tukipika na kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Mbu naye huanza kazi saa hizo.

Nne, zahanati iko mbali, na wakati wa masika mto hujaa.

Nyumba mbili, chandarua kimoja

Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani watu wengi wa bonde hili waliishi wametawanyika kando ya mito, karibu na mashamba yao. Katika miaka ya 1970, hasa mwaka 1974, Operesheni Vijiji iliwakusanya watu pamoja. Wengi walihama bila kupenda. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuwafikishia watu shule, maji na zahanati. Lakini mpunga haukuhama. Ulibaki kule kwenye maji.

Ndiyo maana mpaka leo familia nyingi zina nyumba mbili. Huduma ziko kwenye nyumba moja, chakula kiko kwenye nyumba nyingine. Hapa ndipo hatari inapoanzia.

Nitasimulia jambo nililoliona mwenyewe. Mwezi wa Aprili, mama mmoja aliletwa zahanati akiwa na mtoto wa miaka mitatu. Walikuwa wametoka ng'ambo ya mto. Mtoto alianza homa siku ya Jumatatu. Baba alikuwa amekwenda kijijini kununua chumvi. Mama hakuwa na fedha za mtumbwi, akasubiri. Jumatano mtoto akapata degedege. Alhamisi asubuhi wakafika kwetu. Mtoto hakuwa na fahamu, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa kukosa damu. Tulimpima, tukamchoma sindano ya kwanza, tukampakia kwenye gari kwenda hospitali. Hakufika.

Baadaye nilimwuliza mama kuhusu chandarua. Alisema wanacho kimoja kizuri. Walikiacha kijijini kwa ajili ya watoto wanaosoma.

Ndugu msomaji, mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa na watoto katika nyumba mbili na chandarua kimoja. Angefanyaje? Tangu siku hiyo sisemi tena, "Msiende shamba." Watu watakula nini? Nasema hivi: kabla ya kuhama, hesabu vizuri, kisha hama na afya yako.

Mambo matano ya kuandaa

1. Hesabu vyandarua kwa vitanda, si kwa nyumba. Ukigawa familia, gawa na vyandarua. Watoto wadogo na mama mjamzito wasikose. Uliza kliniki kuhusu vyandarua vya wajawazito na watoto. Chandarua kifungwe hata kwenye dungu, na pindo zake zichomekwe chini ya mkeka. Kikichanika, kishone. Kisitumiwe kuvulia samaki.

2. Panga safari ya mgonjwa kabla hajaugua. Kubalianeni na majirani wa shambani: nani ana mtumbwi, nani ana baiskeli, nani ana simu, na mtandao unapatikana wapi. Weka akiba ya nauli mahali ambapo mama pia anapajua. Fedha iliyo mfukoni mwa baba aliyesafiri haimsaidii mtoto.

3. Homa isilale na mtoto. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Kipimo huchukua muda mfupi. Akikutwa na malaria atapewa dawa ya mseto; ammalizie dozi yote hata kama homa imepungua. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, aliyepauka au aliyepata degedege, asisubiri hata saa moja. Degedege katika bonde letu mara nyingi ni malaria kali. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, anza safari.

4. Maji na choo. Maji ya mto na dimbwi yachemshwe, au yatiwe dawa ya kusafishia maji. Chimba choo hata kama utakaa miezi mitatu tu. Chagua mahali palipoinuka, angalau meta 30 kutoka kwenye maji mnayochota. Mtu akiharisha, chemsha maji lita moja, yakipoa tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Anywe mara kwa mara, huku mkienda zahanati.

5. Kadi ya kliniki iende shamba. Kabla ya kuondoka, pitia zahanati na mtoto apate chanjo zilizofika wakati wake. Mama mjamzito ajue tarehe za kurudi kliniki. Mimba ikikaribia miezi tisa, akae kijijini. Mto uliojaa usiku hauna mkunga.

Wapi pa kuishi?

Sasa turudi kwa mzee wangu. Anapenda shamba, na sina neno la kumpinga. Hewa ni nzuri na chakula kipo. Lakini yeye ni mtu mzima. Mwili wake umepambana na malaria miaka mingi. Mjukuu anayemfuata huko bado hana nguvu hiyo. Raha ya babu isije ikawa msiba wa mjukuu.

Mwaka 1973 wazazi na babu zetu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kufukia madimbwi bila kungoja mtu wa kuwafanyia. Nasi tunaweza kukaa chini ya mwembe kabla ya msimu, tukahesabu vyandarua na mitumbwi kama tunavyohesabu magunia ya mbegu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Familia yako ina vitanda vingapi kijijini na shambani? Vyandarua vinatosha?

2. Mtoto akiugua usiku shambani kwenu, mtafanya nini hatua kwa hatua?

3. Ni nani kati ya majirani zako wa shambani atakayelinda mpunga wako siku utakayompeleka mgonjwa? Je, mmekwisha kukubaliana?