Kwa Nini Tumbo na Ini Vina Mabingwa Wengi

Kijana mvuvi kutoka visiwa vya Ziwa Victoria anaingizwa hospitali ya rufaa usiku, ametapika damu nyingi. Ndugu waliomleta wamekwisha kuamua kuwa ni vidonda vya tumbo. Daktari anapopapasa chini ya mbavu za kushoto anakuta bandama kubwa, imeshuka hadi karibu na kitovu. Vidonda vya tumbo havivimbishi bandama.

Kwa mtu aliyekulia kandokando ya ziwa, mtuhumiwa wa kwanza ni kichocho cha matumbo. Minyoo wake hukaa kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo, hutaga mayai kila siku, na mayai yasiyotoka na kinyesi husombwa na damu mpaka kwenye ini. Huko hunasa. Mwili huyazungushia kovu, mwaka baada ya mwaka, mpaka damu itokayo matumboni inakosa pa kupita. Kama mto uliozibwa, hutafuta vijito vya pembeni, na mojawapo ni mishipa myembamba ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba damu nyingi hivyo. Huvimba, na siku moja hupasuka.

Nalisisitiza hili kwa sababu ini la mgonjwa wa namna hii, licha ya makovu, mara nyingi bado linafanya kazi yake vizuri. Halifanani na ini lililosinyaa kwa pombe au virusi. Damu ikizuiwa, anaweza kuishi miaka mingi. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hutanguliza pombe, kwa kuwa huko ndiyo inayojaza wodi. Idara ya tumbo na ini ya chuo kikuu cha huku kwetu ikitegemea vitabu hivyo peke yake, itamkatia tamaa mapema mtu ambaye angepona.

Usiku huo kazi ni ya bingwa bobezi wa endoskopia. Anapitisha mdomoni mpira wenye kamera na kikombe kidogo cha plastiki kwenye ncha, anaufyonza mshipa uliovimba mpaka uingie kikombeni, kisha anaachia kipira kinachoubana shinani. Mshipa unakosa damu, unanyauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Mgonjwa atarudi wiki chache baadaye kwa awamu nyingine. Kesho yake zamu ni ya bingwa wa ini: propranololi ya kushusha shinikizo la damu ndani ya mishipa ile, na kipimo cha homa ya ini B, maana mtu aweza kuwa na yote mawili.

Yupo na mwenzao wa tatu, ambaye mgonjwa huenda asimwone kamwe. Ni mtafiti anayebeba mashine ya ultrasaundi hadi kisiwani kuwapima watu ambao bado hawajatapika damu. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo wakubwa. Wachanga huponea, na mtoto aliyemeza dawa asubuhi huingia ziwani jioni. Kovu lipi hupungua kwa dawa, na lipi limekwisha kupita kiasi? Jibu lake liko kwenye visiwa hivyohivyo.

Wapo pia mabingwa wa mirija ya nyongo na kongosho, na wa utumbo mpana, ambao kila mmoja angehitaji makala yake. Umio siwezi kuupita. Kuna ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ukipitia Kenya, Tanzania na Malawi. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, kwa miaka mingi imewawekea wagonjwa stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaotanuka ndani ya umio, ili aliyekuwa hamezi hata uji aweze kula tena. Stenti haiponyi saratani. Baadhi ya wagonjwa hao hawajafika hata miaka 30, na sababu zake bado zinatafutwa. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha ugonjwa huu. Watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na moto kupita kiwango hicho. Iache chai ipoe kidogo.

Na homa ya ini B? Mtoto akiambukizwa na mama anapozaliwa, uwezekano wa virusi kubaki naye maisha yote ni karibu 9 kati ya 10. Kwa mtu mzima ni chini ya 1 kati ya 20. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Nchi nyingi za Afrika huanza wiki ya 6, kwa sindano ya magonjwa matano, wakati virusi vya mama vimekwisha kujikita. Ndiyo maana kazi inayonipa matumaini zaidi dhidi ya saratani ya ini, ambayo virusi hivi huweza kuileta, inafanyika kliniki ya wajawazito: tone la damu kutoka kidole cha kila mama, dawa ya tenofovir kwa mwenye virusi vingi, na sindano ya mtoto kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.