Fundi Asiye na Jina
Juzi tuliteremka Moshi kutoka Kibosho, tukafuatana na wageni waliokuwa wakitembezwa mitaani kutazama michoro iliyo kutani. Kijana aliyewaongoza alieleza barabara habari za Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyechora wanyama kwa rangi ya baiskeli huko Dar es Salaam, hata akauawa kwa risasi mwaka 1972. Wageni wakaandika, na ni haki yake marehemu.

Penye kibanda cha kinyozi, palipochorwa Kibo na vichwa vitatu vilivyonyolewa, mgeni aliuliza hii ni kazi ya nani.

“Ya fundi tu.”

Ndugu msomaji, fundi mwenyewe alikuwa ng’ambo ya barabara, brashi mkononi, akipaka mlango wa duka. Hakuna aliyemwita. Nasi, twaona haya kusema, hatukumwita.