Je, skrini mpya zitadumu?

Skrini za teknolojia ya OLED zinasifiwa kwa wembamba wake na kwa picha zenye weusi halisi, lakini uimara wake ungali unazua maswali.

Maswali hayo yana uzito katika mtaa wa Manfuha, kusini mwa Riyadh, wanakoishi wafanyakazi wengi wahamiaji, hasa kutoka Ethiopia. Kwao, simu au televisheni ni akiba iliyogeuzwa kuwa mali ya kupeleka nyumbani.

Novemba 2013, baada ya kumalizika kwa muda wa msamaha kwa wahamiaji wasio na vibali, ghasia zilizuka Manfuha. Ethiopia iliwarejesha raia wake zaidi ya 100,000 kutoka Saudi Arabia. Safari ya namna hiyo haimngoji fundi.

Katika skrini ya LCD, taa iliyo nyuma huangaza kioo chote. Katika OLED, kila kitone hutoa mwanga wake chenyewe, na panapotakiwa weusi huzimika kabisa.

Udhaifu unatokana na sifa hiyo hiyo. Kemikali zitoazo mwanga huchakaa kadiri zinavyotumika. Za rangi ya buluu hutangulia kufifia, na joto huharakisha uchakavu. Nembo ya kituo cha televisheni ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, huweza kuacha alama isiyofutika.

Sony ilipoanza kuuza televisheni ya XEL-1 mwaka 2007, ilisema ingedumu saa 30,000. Mwaka 2008 kampuni ya utafiti ya DisplaySearch ilikadiria saa 17,000 hadi mwangaza kupungua kwa nusu, makadirio ambayo Sony iliyapinga. Kwa anayetazama saa 8 kila siku, hiyo ni tofauti kati ya miaka 10 na miaka isiyotimia 6.

Skrini za leo ni imara zaidi, lakini zile zinazokunjwa zimeleta mashaka mapya. Aprili 2019 Samsung iliahirisha kuuza simu ya Galaxy Fold baada ya vioo vya baadhi ya waandishi walioijaribu kuharibika. Ilibainika kuwa vitu vidogo vingeweza kupenya kwenye bawaba. Simu hiyo, iliyofanyiwa marekebisho, ilianza kuuzwa Septemba mwaka huo.

Riyadh, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na vumbi la jangwani halina msimu, mnunuzi ana sababu ya kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: kioo kipya kinagharimu kiasi gani, na je, dhamana itatambuliwa akisharejea kwao?