Dawa za Huzuni: Mfanyakazi Ajue Anachomeza

Kila tunapopita matawini, tangu Mununga na Kashikishi kando ya ziwa mpaka kwenye mashamba ya chai ya Kawambwa, tunaulizwa swali ambalo zamani mtu alilinong'ona tu: hivi vidonge vya moyo mzito ni vya nini, na mtu akivimeza ataweza kuendelea na kazi? Wako waliopewa kliniki, wakameza siku nne, wakavitupa ziwani. Wako wanaovificha kwenye mfuko wa koti, wasije wakaonwa na kapitao wakaitwa wendawazimu. Kwa hiyo safari hii ukurasa wetu tumeutoa kwa jambo hilo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Huzuni ya kufiwa, au ya miezi ile ya Desemba mpaka Februari uvuvi unapofungwa na mfuko ukawa mtupu, si ugonjwa. Ni ubinadamu. Ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi madaktari wa Tanzania wanauita sonona, ni ule unaomkalia mtu wiki mbili na zaidi, kutwa kucha. Usingizi hukatika, chakula hakina ladha, mtu hana hamu hata ya watoto wake, na wengine huanza kufikiria kufa. Kazini mtu wa namna hii huonekana mvivu. Si mvivu, ni mgonjwa.

Sasa dawa zake zilitoka wapi? Habari hii inapita karibu nasi kuliko mtu anavyodhani. Ng'ambo ya ziwa letu, katika misitu ya Kongo, kuna mti ambao wataalamu wanauita Rauvolfia vomitoria. Waganga wetu wa jadi katika sehemu nyingi za Afrika walitumia mizizi yake kumtuliza mtu aliyechafukwa na akili. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, huko Basel nchini Uswisi, walitoa katika mzizi wa mti ndugu yake wa Bara Hindi dawa iliyoitwa reserpini. Mti wa Kongo ulipoonekana nao una dawa hiyo, mizizi ikachimbwa na kupakiwa kwenda Ulaya. Alicholipwa mchimbaji hakikuandikwa kwenye chupa.

Reserpini ilishusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili, lakini baadhi ya walioimeza waliripotiwa kushikwa na huzuni nzito. Utafiti wa baadaye umelitilia shaka jambo hilo. Hata hivyo, wakati ule liliwafanya wataalamu waulize: kama dawa inaweza kumwinamisha mtu, je, nyingine haiwezi kumwinua?

Mmoja wa walioshughulika na reserpini ni Arvid Carlsson wa Uswidi, mtaalamu wa elimu ya dawa katika chuo kikuu. Mwaka 1957 aliwapa sungura reserpini, wakalala chini hoi. Kisha akawadunga dawa nyingine iitwayo dopa, na baada ya muda mfupi sungura wakainuka. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba ubongo hutumia kemikali kupeleka habari, na kwamba zikikaushwa mwili hukwama. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Lakini kwetu sisi kazi yake ya pili ina maana zaidi. Mshipa wa fahamu unapopeleka habari hutupa nje kemikali iitwayo serotonini, kisha huivuta tena ndani, kama mvuvi anavyotupa wavu na kuukokota. Carlsson aliona kwamba baadhi ya dawa za huzuni zinachelewesha ule mkokoto. Akashirikiana na wenzake kutengeneza dawa ya kufanya kazi hiyo hasa, iliyoitwa zimelidini. Ilianza kuuzwa mwaka 1982. Mwaka 1983 ikaondolewa sokoni, kwa sababu baadhi ya waliomeza walipatwa na ugonjwa wa mishipa unaolegeza miguu na mikono. Dawa ya bingwa mkubwa kama huyo, na bado ubaya wake ulijulikana kutoka kwa wagonjwa. Ndiyo maana tunasema mgonjwa anayemweleza tabibu anavyojisikia baada ya kumeza halalamiki ovyo. Anatoa habari inayohitajiwa.

Msikubali pia maneno mepesi. Ukiambiwa kwamba ubongo wako umeishiwa serotonini kama gari lililoishiwa mafuta, ujue hilo halijathibitishwa. Mwaka 2022 wataalamu wa University College London walipitia tafiti nyingi na hawakuona ushahidi thabiti. Lakini msiseme basi dawa ni bure. Mwaka 2018 wataalamu wa Oxford na wenzao walikusanya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 walizozipima zilishinda kidonge kisicho na dawa, ingawa kwa wengi si kwa kiasi kikubwa. Yaani mtu anaweza kuijua dawa kuwa inasaidia bila kujua sawasawa inasaidiaje.

Dawa ya zamani, ya bei nafuu, ni amitriptilini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977. Jambo linalowaangusha watu wetu ni hili: usingizi, mdomo kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu na kizunguzungu ukisimama ghafla huanza siku za mwanzo. Nafuu ya moyo huja baada ya wiki mbili mpaka nne, au zaidi. Mfanyakazi anaona hasara leo, faida haijafika, anaacha. Kumbe alikuwa katikati ya njia. Na aliyeimeza kwa miezi asiache kwa ghafla. Tabibu ndiye wa kumpunguzia kidogo kidogo. Pombe pamoja nayo ni hatari. Vidonge vingi kwa mara moja hushambulia moyo na kuua, basi viwekwe mbali na watoto, na mbali na mgonjwa mwenyewe kama anazungumzia kufa.

Sisi wa Nchelenge tuna la ziada. Malaria kwetu haina msimu wa kupumzika, na dawa yake ni Coartem, ambayo Zambia iliichagua mwaka 2002 kuwa dawa ya kwanza. Coartem na amitriptilini zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo, na maelezo ya Coartem yanaonya juu ya kuzichanganya. Usiache kutibiwa malaria kwa hofu hiyo, malaria inaua. Sema tu kliniki, kabla hujapewa: nameza dawa hii. Anayeficha vidonge kwa aibu ndiye aliye hatarini.

Dawa si njia pekee. Katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa wa huzuni waliokaa kwa vikundi kuzungumza kila wiki, wakiongozwa na mtu wa kwao aliyefundishwa, walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa.

Sasa upande wa mwajiri. Mtu aliyeanza amitriptilini jana hafai kuwekwa kwenye mashine ya kukatia, kwenye boila, wala kwenye usukani wa lori au boti. Matawi yetu yadai apewe kazi nyingine kwa wiki hizo, kwa mshahara uleule, na anayefanya zamu ya usiku amuulize tabibu saa ya kumeza. Sheria ya Afya ya Akili ya 2019 iliifuta ile ya kikoloni ya 1949 na inakataza ubaguzi kwa wagonjwa wa akili. Nayo Sheria ya Ajira ya 2019 inampa mgonjwa mwenye mkataba mrefu miezi 3 ya mshahara kamili na miezi 3 ya nusu mshahara. Mwenye mkataba mfupi siku 26 za kazi kamili na 26 za nusu. Cheti cha tabibu ni lazima. Si lazima mfanyakazi amtangazie kapitao jina la ugonjwa wake. Cheti kipelekwe ofisini, nakala abaki nayo mwenyewe, na nyingine ampe mwakilishi wa tawi kama akipenda.